Subaru WRX au Mark II Tourer V: gari ipi ya zamani yenye tabo itadumu Lubumbashi?

Gari zote mbili ziliingia mjini kwa njia zilezile. Zilitoka Japani, zikashuka Dar es Salaam au Durban, zikapita Zambia, zikavuka mpaka wa Kasumbalesa. Zote zina miaka 20 na zaidi, zote zina tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), na zote zina mbio kuliko karibu kila kitu utakachokutana nacho kwenye barabara ya Likasi. Kwa hiyo kuuliza ipi ina nguvu zaidi hakukusaidii sana. Uliza kila injini hufa vipi, na kama hutoa onyo kabla. Hapo ndipo zinapoachana kabisa. 1JZ ya Toyota hulalamika muda mrefu: huvuja, hutoa moshi, hupoteza nguvu kidogokidogo. EJ20 ya Subaru inaweza kuwa nzima asubuhi, na jioni biele (mkono wa pistoni) ikawa imetoboa bloki.

Kwanza ujue unachonunua, maana majina kwenye mlango wa nyuma hubandikwa na yeyote. Impreza tunayoizungumzia ni GC8 (kuanzia 1992) au GDA na GDB (kuanzia 2000), zote zenye EJ20 ya tabo: cc 1,994, silenda 4 zilizolala mbili kwa mbili, magurudumu yote manne yakivuta. Upande wa Toyota ni Mark II, Chaser au Cresta za JZX90 (1992 hadi 1996) na JZX100 (kuanzia 1996), zenye 1JZ-GTE: cc 2,492, silenda 6 kwa mstari, bloki ya chuma cha kusubu, magurudumu ya nyuma peke yake yakivuta. Soma kibati cha shasi kwenye chumba cha injini. Ikiandikwa GX90 au GX100, hiyo ni injini ndogo ya 1G, hata ikivaa maneno Tourer V na rimu za inchi 17. Ikiandikwa JZX bado usikubali haraka: Tourer S nayo ni JZX, ila haina tabo. Fungua boneti uione tabo kwa macho.

Mwinuko na esansi

Lubumbashi iko mita 1,200 na kidogo juu ya bahari. Hewa yake ina presha ya bar 0.88 hivi, badala ya 1.01 ya pwani. Gari isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kati ya nane ya nguvu zake. Gari ya tabo hurudisha hasara hiyo, lakini kwa gharama. Ili injini ipate bar 1.9 za presha kamili, tabo ya pwani huzidisha hewa mara 1.88, na tabo ya Lubumbashi lazima ifike mara 2.16. Itazunguka kwa kasi zaidi, na hewa itatoka ya moto zaidi. Wengi hawalijui hili. Wanaona kipimo kinaonyesha presha ndogo kuliko walivyosoma, wanakaza vali ya tabo, halafu wanashangaa pistoni inapovunjika.

Esansi (petroli) ndiyo hatari kubwa zaidi. Gari hizi zilipangwa kwa esansi ya kifahari ya Japani, inayouzwa kama oktani 100. Kwetu huwezi kuwa na hakika ya kilichomo ndani ya pampu, na huna hakika hata kidogo ya kilichomo ndani ya bidoni za makadhafi, wale wauza esansi wa kando ya barabara. Oktani ikiwa chini, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Ndani ya EJ20, kugonga huko hupasua kuta nyembamba zinazoshika pete za pistoni. Silenda namba 4 ndiyo inayosifika kwa kuanza. 1JZ nayo hugonga, na ikikazwa sana itavunjika vilevile, lakini kila silenda yake hubeba mzigo mdogo zaidi, na bloki yake haitikisiki. Kwa presha ya kiwandani inavumilia esansi ya mashaka kuliko Subaru.

Jambo moja linaipa Subaru nafuu: GDA na GDB zinasomeka. Kwa waya wa uchunguzi, kompyuta ndogo na programu ya bure ya RomRaider, utaiona namba ambayo kompyuta ya gari huitumia kuamua buji (plagi) ziwake mapema kiasi gani. Kwenye kompyuta za zamani isome 16 kati ya 16, na kwenye za baadaye 1.0. Ikishuka, gari inakuambia kwamba imesikia injini ikigonga na inajikinga. Isome kila baada ya matangi mawili matatu, na hasa baada ya kubadilisha kituo cha esansi. Ikishuka usiibonyeze gari mpaka tangi liishe, kisha jaza mahali pengine na usome tena.

Mafuta ya moteri

Mwenye Subaru aisome sehemu hii mara mbili. EJ20 hula mafuta ya moteri (oili), na si ajabu ikila lita moja kwa kilomita 2,000 bila kuwa mbovu. Ubaya ni kwamba karteri yake (bakuli la mafuta) haina akiba kubwa. Mafuta yakishuka lita moja, ukafunga breki kwa nguvu au ukaingia kona ndefu, bomba la kunyonya hubaki hewani sekunde moja. Sekunde hiyo inatosha kukwangua kusineti (beringi bapa) za biele. Zaidi ya hapo, bomba lenyewe hupata ufa pale lilipochomelewa, na hapo pompa hunyonya hewa hata mafuta yakiwa yamejaa. Injini ikishushwa kwa sababu yoyote, weka bomba jipya lililoimarishwa. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya bei ya vilebreke (mhimili mkuu wa injini).

Mwendo wa kazi ni huu: pima kijiti kila unapojaza esansi, gari ikiwa imesimama sawasawa, imezimwa dakika tano. Badilisha kila kilomita 5,000, na kiangazi ukiwa unakwenda Kipushi au Kasenga mara kwa mara, kila 4,000. Tumia 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki, kutoka duka linalokuonyesha kifuniko ambacho hakijafunguliwa.

Kisha chukua filtri ya zamani uikate. Usitumie msumeno, maana utaijaza vumbi la chuma la msumeno wenyewe. Tumia kikatio cha bomba au mkasi wa bati. Toa karatasi, ikunjue juu ya gazeti jeupe, ikamue, iangalie juani ukiizungusha polepole. Chembe nyeusi ni kaboni, ziache. Chembe zinazong'aa kama unga wa fedha, ambazo sumaku haizivuti, zimetoka kwenye kusineti. Zikiwa mbili tatu, rudia baada ya kilomita 1,000. Zikiwa zinameta karatasi nzima, zima gari na usiiwashe tena. Sikiliza pia: injini ikiwa ya moto, ipandishe hadi mizunguko 2,500 kisha uachie. Ukisikia kogo-kogo-kogo wakati inashuka, hiyo ni biele. Fundi atakayekuambia uweke mafuta mazito ili sauti iishe, mshukuru uondoke.

Kwa 1JZ hakuna mengi ya kusema, na hiyo ndiyo sifa yake. Nunua lita 6, jaza kwa kufuata kijiti, badilisha kwa vipindi vilevile. Huvuja kwenye joa (gasketi) la kifuniko cha juu, mafuta hujaa kwenye visima vya buji, na gari huanza kukohoa. Badilisha joa na mipira ya visima pamoja, ukaushe visima, kazi imekwisha kwa nusu siku. Sili ya mbele ya vilebreke nayo huchoka. Ibadilishe unapofungua mkanda, si baadaye.

Mkanda wa taimingi

Mafundi wetu wanauita kurua ya distribisyo. Gari zote mbili hutaka mpya kila kilomita 100,000, na kwa kuwa kilomita zinazoandikwa kwenye gari ya mnada hazina ushahidi, ihesabu ni ya kubadilishwa siku unayoinunua.

Kwenye 1JZ kazi ni ndefu ila si ngumu. Feni, radiateri, na ile boliti ya puli ya vilebreke iliyokazwa zaidi ya Nm 300, kwa hiyo tafuta kishikio cha puli kabla ya kuanza. Badilisha pompa ya maji wakati huohuo, kwa sababu iko nyuma ya mkanda. Kikaza mkanda cha mafuta kibanwe kwenye jiliwa polepole sana mpaka pini iingie. Ukikibana haraka unapasua sili yake ya ndani. Angalia pia mpira ulio katikati ya puli: ukiwa umepasuka, pete ya nje huhama, hula kifuniko cha mkanda, na siku moja hukata mkanda wenyewe.

EJ20 ina kamu nne (mihimili inayofungua vali), roli kadhaa na nafasi ndogo. Mkanda ukiruka meno au ukikatika, vali hugonga pistoni, na za kichwa kimoja zinaweza kugongana zenyewe. Kosa linaloua injini nyingi zaidi liko kwenye gia ya vilebreke. Mbele yake kuna mshale mkubwa unaoonekana wazi. Fundi ataukuta na kusema, "Patro, mshale uko juu, tumepata." Hapana. Alama ya kweli ni kamstari kadogo kwenye jino la sahani iliyo nyuma ya gia, nalo ndilo linalopaswa kusimama juu kabisa, sambamba na alama ya bloki. Kwenye kamu nako fuata mistari ya ukingoni, si mishale. Ukimaliza, zungusha injini kwa mkono mara mbili kamili kwa ufunguo, bila kutumia demareri (stata). Ikigoma mahali, simama hapo hapo. Roli yenye meno ya chini isibaki ya zamani kamwe: beringi yake hukauka kimyakimya, kisha hufa na mkanda.

Buji tu zinatosha kukuonyesha tofauti ya gari hizi. Kwenye 1JZ unafungua kifuniko cha juu na kuzifikia kutoka juu. Kwenye Subaru unatoa betri upande mmoja, sanduku la filtri ya hewa upande mwingine, halafu mkono unatambaa kati ya kichwa na shasi. Anayefanya kazi mwenyewe nyumbani, Katuba au Bel-Air, chini ya mwembe, alifikirie hili.

Maji

Zote mbili zitumie maji ya radiateri yenye kinga ya kutu. Maji ya bomba peke yake hula aluminiamu. 1JZ huponzwa na tangi la plastiki la radiateri na feni yenye klachi iliyochoka. EJ20 huponzwa na hewa inayobaki ndani baada ya kazi. Inua pua ya gari, jaza polepole kupitia tangi dogo la juu karibu na intakula (kipoza hewa ya tabo), si kupitia radiateri peke yake, washa na hita ikiwa kwenye joto kamili, subiri mpaka mapovu yaishe. Vifuniko viwili vya mfumo huo havina presha sawa, kwa hiyo usivibadilishane nafasi.

Vumbi jekundu

Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu huingia kila mahali, na hapa Toyota inashinda bila ubishi. 1JZ hupima hewa kwa sensa ya presha iliyounganishwa na manifoldi. Subaru hupima kwa waya wa moto ulio ndani ya bomba la hewa, mbele ya tabo. Filtri ya koni iliyopakwa mafuta huchafua waya huo. Ukichafuka, kompyuta hudhani hewa ni kidogo, hupunguza esansi, na tumerudi kwenye injini kugonga na pistoni kupasuka. Mpira wa bomba kati ya mita hiyo na tabo ukipasuka, hewa huingia bila kuhesabiwa, na matokeo ni yaleyale. Kwenye Subaru kaa na filtri ya karatasi ya kiwandani, ipige upepo kutoka ndani kwenda nje kila wiki mbili wakati wa kiangazi, na uitupe baada ya kuisafisha mara tatu. Ile vali inayopumua nje kwa kelele ya "pshhh" ambayo vijana wanaipenda, iache pia: kwenye Subaru hutoa hewa ambayo tayari imehesabiwa, na gari hujaa esansi kila unapobadili gia. Kwenye 1JZ haina madhara hayo.

Kagua uvujaji wa hewa kwa kompresa, bar 0.5 tu, na povu la sabuni kwenye kila kiungo. Dakika 20.

Barabara

Mvua zikianza Novemba, mizani inageuka. Kwenye udongo wa Ruashi ya nyuma au njia za mashamba, Mark II huteleza na kuzungusha gurudumu moja, na ukibonyeza zaidi kidogo mkia unakuja mbele. WRX hupita. Usukani wake husema ukweli kwenye njia mbaya kuliko gari yoyote ya bei hiyo, na mtu aliyeijua ladha hiyo huwa haachi. Mitutu yake minne (shokapu) ina viungo vichache vya kuchakaa, wakati mikono miwili kwa kila gurudumu ya JZX90 na JZX100 ina bushi nyingi na kifundo cha chini kinachohitaji kukaguliwa kila miezi mitatu. Mark II pia iko chini, pua na bomba la moshi hugonga dodani (matuta). Kuishusha zaidi ni kuitafutia kifo. WRX iwekee bamba la kinga la aluminiamu la milimita 4, lenye tundu la kutolea mafuta.

Ila magurudumu manne yana kodi yake. Tairi zote nne za Subaru lazima zilingane, mzingo usitofautiane zaidi ya milimita 6. Tairi za okazioni (za mitumba) zinazouzwa mbili mbili ni sumu. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati, andika namba nne kwenye karatasi kabla ya kulipa. Ukizipuuza, difu ya katikati huchemka bila kupumzika, na siku moja gari itatetemeka na kujibana ukikata kona ya kuegesha. Kwenye Mark II linganisha za nyuma mbili, basi. Na bwati (gia boksi) ya vitesi 5 ya WRX haipendi kuondoka kwa kishindo, meno ya tatu ndiyo huanza kunyofoka. R154 ya Tourer V ya mkono ni ngumu zaidi. Ya otomatiki nayo ni imara, ukiiongezea kipozeo cha nje cha mafuta yake.

Kuongeza nguvu

Mpangilio ni uleule: vipimo vitatu kwanza (presha ya tabo, presha ya mafuta ya moteri, uwiano wa hewa na esansi), kisha pompa ya esansi ya lita 255 kwa saa, kisha intakula, kisha moshi, na presha mwisho kabisa. Buji za joto namba 7 za NGK, pengo la milimita 0.8 kwenye 1JZ na 0.7 hadi 0.8 kwenye EJ20.

Tofauti iko kwenye ukingo. JZX90 ina tabo mbili ndogo, CT12A, zenye gurudumu la kauri upande wa moshi. Ukikaribia bar 1, kauri hupasuka na vipande huenda kwenye bomba. Kwa hiyo baki 0.8, au weka tabo moja ya chuma, na bloki itabeba bila kulalamika. JZX100 yenye tabo moja huvuta mapema zaidi: kiwandani ilipewa Nm 378 kwenye mizunguko 2,400, na hiyo ndiyo unayoihisi ukipita lori la shaba ukielekea Kolwezi. EJ20 hairuhusu kubahatisha. Kubadilisha bomba la moshi tu hupandisha presha yenyewe, kwa hiyo kompyuta lazima ipangwe upya, kwenye esansi ya hapa, na mtu anayeangalia kipimo cha uwiano. Programu iliyonunuliwa ikiwa tayari, iliyopangwa kwa esansi ya nchi nyingine, usiitie.

Ukaguzi na uamuzi

Vipuri vya zote hupatikana Zambia na Tanzania, kwa sababu huko usukani wa kulia ndio kawaida. Vya Mark II ni rahisi zaidi, maana bushi, breki na vioo vinafanana na vya GX zinazobeba abiria. Fundi anayeijua 1JZ yuko karibu kila kata. Fundi wa EJ20 wa kweli, mtafute kabla ya gari.

Siku ya ukaguzi pima kompresheni injini ikiwa ya moto, pedali chini kabisa. Usiogope ukipata namba chini ya za kitabu kwa karibu 12 kwa 100, hiyo ni mwinuko wetu. Ogopa silenda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 15 kwa 100. Subaru iliyooshwa injini asubuhi ile, iache ikae siku mbili uione tena.

Ukiwa unaishi mjini, unasafiri lami ya Likasi na Kasumbalesa, na unataka nguvu nyingi kwa fundi wa kawaida, chukua JZX100. Ukiwa njia yako ni udongo nusu ya mwaka, na wewe ni mtu wa kufungua boneti kila Jumamosi bila kukumbushwa, chukua GDA ya kiwandani isiyoguswa, uiache na presha yake. GC8 ni nyepesi na tamu zaidi, ila nyingi zimeshapigwa sana. Nunua ile tu ambayo historia yake unaijua. Mtu asiyependa kupima mafuta asinunue Subaru ya tabo, hata akipewa kwa nusu bei.

Na uliyechukua yoyote kati yake, kabla ya safari ya kwanza ya usiku shughulikia taa. Taa za Japani zilitengenezwa kwa kuendesha upande wa kushoto: mwanga wa chini hupanda kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Egesha mita 10 kutoka ukuta mweupe, washa taa za chini, utaona ule mkato wa mwanga unavyopanda kushoto. Ukipata taa za toleo la Ulaya la Impreza, la usukani wa kushoto, zifunge. Kwa Mark II, ambayo iliuzwa Japani, ziba kipande hicho cha kioo kwa utepe mweusi unaostahimili joto, kisha shusha taa kwa skrubu mpaka ukuta uonyeshe mstari ulionyooka.